Gari la Wagonjwa Linapolipita Lango la Hospitali ya Karibu

Ukutani palibandikwa ramani kubwa ya nchi yenye maduara mekundu matano, na kila duara lilionyesha eneo ambalo majeruhi aliyemo ndani yake angeweza kufikishwa katika kituo kikuu cha majeruhi kabla dakika 45 hazijapita. Daktari aliyekuwa akiwasilisha mpango wa kitaifa wa kuwapeleka walioumia vibaya moja kwa moja katika vituo hivyo alikuwa bado analieleza duara la tatu pale muuguzi mmoja wa hospitali ndogo, aliyeketi safu ya nyuma, aliponyanyua mkono.

"Daktari, naomba unisaidie jambo moja," alisema. "Gari likipita langoni kwetu na majeruhi ndani, halafu mtu huyo akakata roho kabla ya kufika huko kwenye kituo kikuu, ndugu zake watarudi kwetu kuuliza kwa nini hatukumpokea. Tutawaambia nini?"

Alijibiwa kwa heshima na kwa takwimu, na kikao kikaendelea.

Swali lake lakini halikuniacha. Kwa wiki kadhaa tangu siku ile nimekuwa nikisoma upya kila ninachoweza kupata kuhusu namna nchi na majimbo mbalimbali yalivyopanga huduma za watu walioumia vibaya, nikitafuta jibu ambalo muuguzi yule angeweza kumpa ndugu wa marehemu wakiwa wamesimama uso kwa uso. Nusu ya jibu hilo ipo, na imethibitishwa vizuri. Nusu ya pili inategemea mambo ambayo ramani haionyeshi: ruhusa ya kuipita hospitali moja, wajibu wa hospitali nyingine kupokea bila kukataa, na kile kinachobaki mikononi mwa ile iliyopitwa. Naamini hapo ndipo mpango wa kitaifa hufaulu au hukwama, na ndipo wapangaji hutumia muda mchache kuliko mahali pengine popote.

## Kaunti mbili za California

Mwaka 1979 madaktari wa upasuaji John West, Donald Trunkey na Robert Lim walichapisha uchunguzi wa vifo vilivyotokana na ajali za magari katika kaunti mbili za jimbo la California nchini Marekani. Katika kaunti ya San Francisco majeruhi wote walipelekwa katika hospitali moja iliyojiandaa kwa kazi hiyo. Katika kaunti ya Orange kila majeruhi alipelekwa hospitali iliyokuwa karibu zaidi, na hospitali zilizopokea zilikuwa takriban 40. Wachunguzi walipitia majalada ya watu waliofika hospitalini wakiwa hai kisha wakafariki, wakajiuliza kuhusu kila mmoja wao kama kifo chake kingeweza kuepukika.

Kule Orange, miongoni mwa waliokufa kwa majeraha yasiyo ya ubongo wala uti wa mgongo, takriban theluthi mbili ya vifo vilionekana kuwa vingeweza kuepukika. Kwa waliokufa kwa majeraha ya ubongo na uti wa mgongo ilikuwa theluthi moja.

Kule San Francisco kilichoonekana kingeweza kuepukika kilikuwa kifo kimoja.

Nimerudi kwenye matokeo hayo mara nyingi, kwa sababu hayamshutumu daktari yeyote. Mtu mwenye bandama iliyopasuka hafi kwa kuwa daktari aliyempokea hajui bandama ni nini. Hufa kwa sababu daktari wa upasuaji yuko nyumbani amelala, mtaalamu wa dawa za usingizi anahudumia mama anayejifungua kwa upasuaji, chumba cha upasuaji kimefungwa tangu jioni na mwenye ufunguo lazima apigiwe simu, na damu iliyopo haitoshi au bado haijapimwa kama inalingana na yake. Kila kimoja kati ya vikwazo hivyo ni kidogo, na kila mtu aliyehusika alifanya kazi yake kwa uaminifu. Vikijumlishwa, saa mbili zimekwisha, na tumbo limejaa damu.

Hospitali inayoweza kuyaondoa yote hayo usiku na mchana, siku zote za mwaka, ni ghali kuiendesha, na haiwezi kuwepo kila mji. Zaidi ya gharama kuna suala la mazoea ya mikono. Kwa miaka mingi viwango vya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani vimekitaka kituo cha daraja la kwanza kipokee angalau majeruhi 1,200 kwa mwaka, au 240 wenye majeraha makubwa sana, kwa imani kwamba timu inayokutana na nyonga iliyovunjika vipande mara moja kwa miezi miwili haiwezi kuwa sawa na inayokutana nayo kila juma. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliochapishwa Marekani mwaka 2006 chini ya Ellen MacKenzie, ukilinganisha vituo vya majeruhi na hospitali nyingine kubwa, ulikuta kwamba hatari ya kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 25 kwa waliotibiwa katika vituo hivyo.

Hii ndiyo nusu ya jibu iliyothibitishwa. Ndugu wa marehemu anaweza kuambiwa, kwa ukweli kamili, kwamba gari liliipita hospitali ya karibu ili kumpa mtu wake nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Lakini nafasi kubwa zaidi kwa watu elfu moja si faraja kwa yule mmoja aliyefia njiani, na muuguzi yule alilijua hilo vizuri kuliko aliyekuwa akiwasilisha.

## Saa moja, au dakika 45

Wengi tumelelewa na fundisho la saa ya dhahabu, kwamba aliyeumia vibaya ana saa moja tu ya kuokolewa. Fundisho hilo linahusishwa na R Adams Cowley, daktari wa upasuaji aliyejenga kituo maarufu cha majeruhi mjini Baltimore na kuwezesha helikopta za polisi wa jimbo la Maryland nchini Marekani kuwabeba majeruhi. Ni kauli iliyofanya kazi kubwa ya kuwaamsha wanasiasa. Hata hivyo, watafiti walioitafuta mizizi yake mwaka 2001 hawakupata data za kuithibitisha kama kanuni ya jumla.

Nadhani ukweli ni mgumu zaidi kuusimulia, na kwa mpangaji una manufaa zaidi. Aliyezibwa njia ya hewa ana dakika chache. Anayevuja damu ndani ya tumbo ana muda unaotegemea kasi ya kuvuja. Mwenye damu iliyoganda ikibana ubongo ana saa kadhaa, ila kila moja kati ya hizo inamwondolea kitu ambacho hakitarudi. Mwenye paja lililovunjika, kama hakuna jeraha jingine, anaweza kusafirishwa kwa utulivu. Kuwaweka wote hawa ndani ya saa moja kunafaa kwa hotuba. Hakufai kwa kuamua gari lielekee wapi.

Uingereza ilipopanga mitandao yake ya hospitali za majeruhi, kipimo kilichoenea kilikuwa dakika 45: wahudumu wa gari la wagonjwa wakiona dalili zilizoorodheshwa za majeraha makubwa, na kituo kikuu kikiwa ndani ya muda huo, wanaipita hospitali ya karibu. Kanuni hiyo ina upande wa pili, na huo ndio ninaotamani ungeelezwa kwa sauti kubwa siku ile. Ikiwa njia ya hewa imeshindikana kufunguliwa, au damu inatoka kwa namna ambayo wahudumu hawawezi kuizuia, gari linaingia katika hospitali ya karibu yenye uwezo wa kumtuliza mgonjwa, hata kama kituo kikuu kipo mbele kidogo. Kwa hiyo lango la hospitali ndogo halijafungwa. Limebaki wazi kwa wale ambao hawawezi kungoja, yaani kwa wagonjwa wagumu kuliko wote.

Ukilitafakari hilo, utaona linageuza mpango mzima. Hospitali ambayo ramani inaipaka rangi hafifu ndiyo itakayopokea, bila taarifa ya kutosha, mtu ambaye hata wahudumu wenye mafunzo wameshindwa kumdhibiti.

Kisha kuna duara lenyewe. Linachorwa kwa kasi ya gari katika barabara iliyo wazi, ilhali muda wa majeruhi huanza pale anapoumia, si pale gari linapoondoka naye. Kuna muda wa mtu kuona ajali na kupata nambari ya kupiga, muda wa gari kufika, na muda wa kumtoa aliyebanwa ndani ya chuma. Mvua, giza na foleni havimo kwenye ramani. Mpangaji makini angechora duara la usiku wa mvua na la mchana mkavu, kisha aamue kwa lile dogo.

## Hospitali iliyopitwa inabaki na nini

Mwezi Februari 1976 daktari wa mifupa James Styner alianguka na ndege yake ndogo katika mashamba ya jimbo la Nebraska nchini Marekani. Mkewe alifariki palepale, na watoto wake waliumia, baadhi yao vibaya sana. Huduma waliyoipata katika hospitali ndogo ya eneo hilo ilimsikitisha kiasi kwamba aliporudi kazini alianza na wenzake kubuni mafunzo kwa ajili ya madaktari ambao hawaoni majeruhi wengi. Kozi ya kwanza ilifanyika Nebraska mwaka 1978, na mwaka 1980 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kiliichukua na kuieneza duniani. Mantiki yake inajulikana leo kwa kila anayefanya kazi katika chumba cha dharura: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, na usihangaike na mfupa uliotokeza huku mtu anashindwa kuvuta pumzi.

Kinachonigusa katika historia hiyo ni kwamba mageuzi haya yalianzia pembezoni, kutokana na kilichotokea katika hospitali ambayo hakuna mpango ungeiita kituo kikuu.

Orodha ya kinachohitajika pale ni fupi. Mtu anayeweza kufungua njia ya hewa na kuingiza bomba la kifuani. Mkanda wa kubana nyonga. Damu, hata kama ni chupa chache. Asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu ya kuzuia damu kuvuja, ambayo utafiti wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, ukihusisha wagonjwa 20,211 katika nchi 40, ulionyesha kuwa inapunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5 kwa majeruhi wanaovuja damu au walio katika hatari ya kuvuja. Manufaa yake yanapatikana ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtu alipoumia, na baada ya hapo inaweza hata kudhuru. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2004 mwongozo wa huduma za msingi za majeruhi unaozitazama hospitali za kila ngazi kwa macho haya, kwa kuuliza ni vifaa na ujuzi gani lazima viwepo hata katika ile ya chini kabisa.

Hatari ninayoiona ni nyingine, na inakuja polepole. Majeruhi wazito wakianza kupita, hospitali ndogo inapoteza mazoea. Daktari kijana anayetaka kujifunza anaomba uhamisho. Meneja anaona takwimu zimeshuka na kupunguza bajeti ya damu. Baada ya miaka mitano analetwa mtu asiyeweza kupumua, kwa mujibu wa kanuni ileile nzuri, na hakuna aliyeshika bomba la kifuani tangu mwaka uliopita.

Ujerumani ilichagua njia inayolitazama tatizo hili mapema. Mtandao wake ulioanzishwa mwaka 2006 chini ya Chama cha Upasuaji wa Majeruhi cha nchi hiyo umeziingiza hospitali zaidi ya 600 kwa ngazi tatu, na kila hospitali, pamoja na ile ya ngazi ya chini, hukaguliwa na kupewa cheti. Hospitali ndogo ina jina ndani ya mtandao, ina viwango vyake, na ina sababu ya kuvitunza. Uingereza iliweka nguvu zaidi katika vituo vichache vikubwa. Kila njia ina hoja zake, lakini nikilazimika kuchagua kwa ajili ya nchi yenye umbali mrefu na magari machache, nitaanza na ile inayozihesabu hospitali zote.

Tena katika sehemu kubwa ya dunia majeruhi haletwi na gari la wagonjwa. Analetwa na dereva aliyepita, na ndugu zake, na polisi, na watu hao watamfikisha penye mlango wa kwanza ulio wazi. Daktari wa upasuaji Charles Mock na wenzake walilinganisha mwaka 1998 vifo vya walioumia vibaya katika miji mitatu: Seattle (Marekani) asilimia 35, Monterrey (Mexico) asilimia 55, Kumasi (Ghana) asilimia 63. Baadaye Mock na wenzake wa Ghana waliwafunza huduma ya kwanza madereva wa magari ya abiria, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakibeba majeruhi kwa kweli. Kanuni ya kupita hospitali ya karibu haina maana kwa dereva asiyejua kuwa ipo. Kwake yeye, mtandao ni hospitali ile anayoiona.

## Simu ya saa nane usiku

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

Mgonjwa yuko hospitali ndogo. Ametulizwa, anapumua kwa bomba, picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, inaonyesha damu ikibana ubongo. Daktari aliye zamu, pengine wa mwaka wake wa pili kazini, anapiga simu kituo kikuu. Anaambiwa azungumze na idara ya upasuaji wa ubongo. Idara inataka kuziona picha kwanza. Picha zinatumwa na kuchelewa. Wanakubali, ila kwa sharti la kuwepo nafasi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Chumba cha mahututi kimejaa. Anashauriwa ajaribu kituo kingine. Kule anaulizwa kwa nini hakuanza na kituo cha eneo lake. Kila anayejibu ana sababu ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Mboni ya jicho moja la mgonjwa imeanza kutanuka, dalili kwamba ubongo unazidi kubanwa.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika sentensi moja tu katika mpango wa taifa lolote, ningeandika kwamba kituo kikuu hakina mamlaka ya kumkataa majeruhi mkubwa wa eneo lake, na kwamba mazungumzo ya kitanda hufanyika baada ya gari kuondoka. Nambari ni moja, anayepokea ni daktari bingwa mwenye dhamana ya zamu ile, na kazi ya kutafuta kitanda ni ya kituo, si ya daktari kijana aliyeko umbali wa kilomita 120 akiwa na mgonjwa mmoja mkononi na wengine kumi nje ya mlango. Mitandao ya Uingereza ilijengwa juu ya kanuni ya namna hii, na kwa maoni yangu kanuni hiyo imeokoa watu wengi kuliko majengo.

Ni kanuni rahisi kuiandika na ngumu kuitimiza, kwa sababu inadai kitu kutoka upande wa pili pia. Kituo kisichoweza kukataa kitajaa. Kitajaa upesi zaidi ikiwa mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji na kutulia anaendelea kulala pale wiki tatu kwa kuwa hospitali ya kwao inasema haina nafasi ya kumpokea. Hivyo wajibu wa kupokea lazima uende pande zote mbili: kituo kinampokea aliye mahututi bila masharti, na hospitali ya nyumbani inampokea anayepata nafuu ndani ya muda uliokubaliwa kwa maandishi. Nimeona mipango yenye kurasa nyingi kuhusu safari ya kwenda na aya moja kuhusu safari ya kurudi. Mtandao wa namna hiyo huanza vizuri, kisha huziba.

Fedha nazo zina usemi wao. Hospitali ikilipwa kwa idadi ya wagonjwa, kila gari linalopita langoni ni pato lililopita, na hakuna waraka wa wizara utakaomfanya mkurugenzi alifurahie hilo. Uingereza iliweka malipo ya ziada kwa kituo kinachotimiza masharti maalumu kwa kila majeruhi mkubwa, yakiwemo kuonwa mapema na daktari bingwa, kupewa asidi ya traneksamiki kwa wakati kwa anayeihitaji, kuandikiwa mpango wa utengamao, yaani wa kurejeshewa uwezo wa mwili baada ya matibabu, na taarifa zake kuingizwa katika rejista ya majeruhi. Naiheshimu mbinu hiyo, kwani ililipia kitendo kilichofanyika badala ya kitanda kilichojazwa. Ningeongeza malipo kwa hospitali ndogo iliyomtuliza mgonjwa na kumsafirisha ndani ya muda, na mengine kwa ile iliyompokea aliporudi.

## Miaka kumi ya kutoona kitu

Mashaka yangu makubwa hayahusu tiba. Yanahusu subira.

Mwaka 1988 uchunguzi wa vifo 1,000 vya majeruhi katika England na Wales ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya vifo vilivyotokea baada ya mgonjwa kulazwa vingeweza kuepukika. Serikali ilifadhili jaribio la kituo cha majeruhi mjini Stoke-on-Trent mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tathmini iliyochapishwa mwaka 1997 haikuona upungufu wa vifo unaoweza kuaminika ukilinganisha na maeneo mengine. Kwa wengi mjadala ukaishia hapo. Ilibidi uje uchunguzi mwingine wa kitaifa mwaka 2007, uliokuta kwamba karibu asilimia 60 ya majeruhi wakubwa walipata huduma iliyo chini ya kiwango kizuri, na ripoti ya mkaguzi wa taifa ya mwaka 2010, iliyokadiria kuwa maisha ya watu 450 hadi 600 yangeweza kuokolewa kila mwaka England. London ilianza mtandao wake Aprili 2010, na England yote ikafuata Aprili 2012, miaka 24 baada ya uchunguzi wa kwanza.

Nimejiuliza ni wangapi walikufa katika miaka hiyo, na kama jaribio la Stoke lilistahili uzito liliopewa. Jibu la swali la pili ninaliona katika utafiti wa Avery Nathens na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2000. Walifuatilia majimbo yaliyoanzisha mifumo ya majeruhi na kukuta kwamba vifo vya ajali za magari vilianza kupungua takriban miaka kumi baada ya mfumo kuanzishwa, na kufikia mwaka wa kumi na tano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 8. Miaka kumi ni muda wa wahudumu kujifunza kuamini kanuni, wa wapokeaji simu kuacha mazoea ya zamani, wa mikataba ya kurudisha wagonjwa kuvunjwa na kuandikwa upya. Jaribio la mji mmoja lililopimwa baada ya miaka michache lilipimwa kabla halijaiva.

England nayo, ilipotazamwa upya katika utafiti wa mwaka 2018, ilionyesha kuwa uwezekano wa majeruhi mkubwa kuishi umeongezeka kwa asilimia 19 kati ya 2008 na 2017.

Waziri anayezindua mtandao leo, kwa hiyo, yumkini hatakuwa madarakani matunda yatakapoonekana. Anayemrithi atakuta gharama bila matokeo, na atashawishika kukata. Sijui kinga ya hilo isipokuwa kuweka tangu mwanzo vipimo vya mwendo vinavyoonekana ndani ya miezi: dakika kutoka simu hadi gari kuondoka, idadi ya maombi ya uhamisho yaliyokataliwa, sehemu ya wanaovuja damu waliopewa dawa ndani ya saa tatu. Vipimo hivyo havihesabu maisha yaliyookolewa, lakini vinamwonyesha waziri kama chombo kinakwenda.

## Majeruhi ambaye mpango haukumtazamia

Michoro ya mipango hii humwonyesha kijana aliyeanguka na pikipiki. Rejista za Uingereza zinasimulia mengine. Kati ya 1990 na 2013 wastani wa umri wa majeruhi wakubwa waliosajiliwa ulipanda kutoka miaka 36.1 hadi 53.8, na sehemu yao walioumia kwa kuanguka kutoka kimo cha chini ya mita mbili ilipanda kutoka asilimia 4.7 hadi 39.1. Sehemu ya ongezeko hilo huenda imetokana na usajili bora na picha nyingi zaidi za CT. Hata hivyo bibi aliyeteleza bafuni yumo, na dalili zilizoorodheshwa kwenye kadi ya wahudumu hazimwoni. Shinikizo lake la damu linaonekana la kawaida kwa kuwa siku zote liko juu. Moyo haukimbii kwa sababu ya dawa anazotumia. Anapelekwa hospitali ya karibu, anawekwa kwenye foleni, na damu inayojikusanya ndani ya fuvu inagunduliwa kesho yake.

Hapa tena hospitali ndogo ndiyo inayobeba mzigo. Kadiri jamii inavyozeeka, majeruhi wakubwa zaidi watapitia lango ambalo ramani ililiona la ziada.

## Baada ya wodi

Jimbo la Victoria nchini Australia lilianzisha mfumo wake mwaka 2000, likiwa na vituo vikuu vitatu mjini Melbourne, viwili vya watu wazima na kimoja cha watoto. Kilichonivutia zaidi kwao ni rejista. Haiishii siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Walionusurika hupigiwa simu baada ya miezi 6, 12 na 24, wakiulizwa kama wanatembea, kama wana maumivu, kama wamerudi kazini. Kwa sababu ya simu hizo, watafiti wa Victoria waliweza kuonyesha mwaka 2012 kwamba, sambamba na kupungua kwa vifo hospitalini, hali ya kimwili ya walionusurika nayo ilikuwa ikiimarika kadiri mfumo ulivyokomaa.

Mahali pengi taarifa hizo hazipo, kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa kuzikusanya, na utengamao umeandikwa kama sura ya mwisho itakayotekelezwa fedha zikipatikana. Mtu aliyefungwa nyonga kwa vyuma katika kituo bora anarudishwa nyumbani ambako hakuna mtaalamu wa viungo, misuli inasinyaa, kazi inapotea, na kwa takwimu za kituo yeye ni mafanikio.

Kazi hii inaweza kuanza kabla jengo lolote halijapakwa rangi. Mtunza rejista mmoja katika kila hospitali itakayokuwa kwenye mtandao, kubwa na ndogo, aliyefunzwa kupima uzito wa majeraha kwa kipimo kimoja. Nambari mbili za simu za kila mgonjwa, yake na ya ndugu yake, zikiandikwa siku ya kupokelewa. Saa za kazi zilizotengwa kwa ajili ya kuwapigia. Na kwa wale waliofariki, pamoja na waliofia njiani baada ya kupitishwa langoni kwa hospitali ya karibu, kikao cha kila mwezi ambapo kituo kikuu, wahudumu wa magari na muuguzi wa hospitali iliyopitwa wanalisoma jalada pamoja, saa kwa saa, na mmoja wao anapewa jukumu la kwenda kuwaeleza ndugu kilichopatikana.